Nambari ya tarakimu 21 iliyowahadaa wasomi kwa zaidi ya karne mbili

Kwa muda wa miaka 232, nambari 147,573,952,589,676,412,927 ilihesabiwa miongoni mwa zile ambazo hazigawanyiki kwa nambari nyingine yoyote isipokuwa 1 na nambari yenyewe. Hapana aliyekuwa ameihakiki. Wasomi wa Ulaya walikuwa wameisoma katika kitabu cha mtawa mmoja wa Paris, na kwa kuwa mtawa huyo alikuwa mtu wa heshima, neno lake likachukuliwa kuwa kweli.

Kosa lilipofichuliwa mnamo 1876, lilizuka jambo la kustaajabisha kuliko kosa lenyewe. Mwanahisabati wa Ufaransa alithibitisha kwamba nambari hiyo ina vigawo, lakini hakuweza kutaja hata kimoja. Ikapita miaka mingine 27 kabla ya vigawo hivyo kuonekana.

Huenda msomaji akauliza ni nani anayejali. Jibu ni kwamba pengo hilo, kati ya kujua kuwa vigawo vipo na kuvitia mkononi, ndilo lililokuja kufanywa kufuli ya mawasiliano ya siri duniani. Anayefungua ukurasa wa benki kwenye intaneti mara nyingi hulindwa na ugumu ule ule uliowashinda wasomi hao.

PUNJE ZA NGANO

Nambari yenyewe si ya kuokotwa tu. Hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mfululizo hadi kupata 2 kwa kipeo cha 67, kisha kuondoa 1. Wanahisabati huiita M67 kwa ufupi.

Wanaoijua hadithi ya kale ya mvumbuzi wa sataranji wataielewa upesi. Mvumbuzi huyo alimwomba mfalme ampe punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, nane kwa wa nne, na kuendelea hivyo hadi mraba wa 64. Mfalme akaona ombi ni dogo. Jumla ya punje hizo ni 18,446,744,073,709,551,615, shehena ambayo ghala za ufalme wowote zisingeweza kuitoa. Lau ubao ungekuwa na miraba mitatu zaidi, jumla ingekuwa M67 barabara.

Sababu ni nyepesi. Ukijumlisha 1, 2 na 4 unapata 7, ambayo ni pungufu ya 8 kwa 1. Ukiongeza 8 unapata 15, pungufu ya 16 kwa 1. Jumla ya punje daima huwa pungufu kwa 1 kuliko idadi ambayo ingewekwa kwenye mraba unaofuata. Ndiyo maana kompyuta, ambayo huandika nambari zote kwa 0 na 1, huiandika M67 kwa tarakimu 67 zilizo 1 zote, pasipo sifuri hata moja.

MTAWA NA ORODHA YAKE

Nambari isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake huitwa nambari tasa. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Jina hilo lina kinaya, kwa kuwa nambari nyingine zote, kuanzia 4 kwenda mbele, huzaliwa kwa kuzidisha nambari tasa, na kila moja ina ukoo wake mmoja tu. Nambari 12 ni 2 mara 2 mara 3, wala hakuna namna nyingine ya kuijenga kutokana na nambari tasa.

Marin Mersenne, aliyezaliwa 1588 na kufariki 1648, alikuwa mtawa mjini Paris na kiungo cha mawasiliano baina ya wataalamu wengi wa zama zake. Alivutiwa na nambari zinazopatikana kwa kuondoa 1 kutoka kwa vipeo vya 2. Ilikuwa wazi kwamba kipeo chenyewe sharti kiwe nambari tasa, la sivyo matokeo yatagawanyika. Kwa mfano, 2 kwa kipeo cha 6 ni 64. Ukiondoa 1 unapata 63, ambayo hugawanyika kwa 3 na kwa 7. Hata hivyo, kipeo kuwa tasa hakutoshi. Mnamo 1536, Hudalricus Regius alikuwa ameonyesha kuwa kipeo cha 11 huzaa 2,047, na 2,047 ni 23 mara 89.

Kilichowasukuma wasomi wa enzi hizo ni nambari kamilifu, yaani zile ambazo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo. Nambari 6 ni kamilifu kwa sababu 1, 2 na 3 hujumlika kuwa 6. Nambari 28 vilevile, kwa kuwa ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid wa Ugiriki ya kale alionyesha kwamba kila nambari tasa ya aina aliyoitafuta Mersenne huleta nambari kamilifu moja. Iwapo M67 ingalikuwa tasa, ulimwengu ungalipata nambari kamilifu yenye tarakimu 41.

Mnamo 1644 Mersenne alichapisha kitabu alimotaja vipeo 11 ambavyo, kwa maoni yake, huzaa nambari tasa hadi kufikia kipeo cha 257. Vipeo hivyo ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Sehemu ya kwanza ya orodha ilikuwa sahihi. Sehemu ya mwisho ilikuwa na makosa matano: vipeo vya 67 na 257 havikustahili kuwamo, ilhali vya 61, 89 na 107 vilistahili na vikaachwa nje.

Wako waliojaribu kumtetea kwa kudai kwamba 67 ni kosa la mchapishaji, na kuwa mtawa aliandika 61. Yeyote aliyefanya kazi katika chumba cha habari anaijua hoja hiyo. Mpiga chapa hubebeshwa lawama za wengi. Dai hilo halina ushahidi, na hata likikubaliwa, bado yanabaki makosa matatu yasiyoweza kusukumiwa kiwandani. Lililo la haki kusema ni kwamba kwa penseli na karatasi za 1644, hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukagua nambari za ukubwa huo. Kuithibitisha M67 kwa kugawanya tu kungemlazimu mtu ajaribu nambari tasa zote hadi kupita bilioni 12.

KUJUA BILA KUONA

Aliyevunja ukuta huo ni Édouard Lucas, aliyeishi kati ya 1842 na 1891. Lucas aligundua njia ya kubainisha iwapo nambari za aina hii ni tasa bila kutafuta kigawo chochote. Katika sura yake ya sasa, iliyonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, njia hiyo inaweza kuelezwa kwa mwanafunzi wa shule.

Anza na 4. Izidishe kwa nafsi yake, kisha uondoe 2. Gawanya jibu kwa nambari inayopimwa na uchukue baki. Rudia kazi hiyo mara kadhaa, idadi ya marudio ikiwa ni kipeo ukiondoa 2. Baki la mwisho likiwa sifuri, nambari ni tasa. Lisipokuwa sifuri, si tasa.

Chukua kipeo cha 5, kinachozaa 31. Marudio ni matatu. Kutoka 4 unapata 14. Kutoka 14 unapata 194, na 194 ikigawanywa kwa 31 baki ni 8. Kutoka 8 unapata 62, na 62 ikigawanywa kwa 31 haibakishi kitu. Basi 31 ni tasa, na hakuna kigawo kilichotafutwa.

Kwa M67 marudio ni 65, kila moja likihitaji kuzidisha na kugawanya nambari za tarakimu 21 na zaidi. Ni kazi ya kuchosha lakini ina mwisho. Mnamo 1876 Lucas alitangaza mambo mawili kwa njia zake: kipeo cha 127 huzaa nambari tasa, yenye tarakimu 39, na kipeo cha 67 hakizai. Kuhusu 127 Mersenne alikuwa amesema kweli. Kuhusu 67 alikuwa amekosea.

Lucas huyu ndiye aliyebuni mchezo unaojulikana kama Mnara wa Hanoi, ambamo visahani vya ukubwa tofauti huhamishwa kimoja kimoja kutoka mti mmoja hadi mwingine, pasi na kikubwa kukalia kidogo. Mwenye visahani 67 angehitaji hatua zisizopungua M67. Akienda hatua moja kwa sekunde, angemaliza baada ya zaidi ya miaka trilioni 4.

Ipo sifa nyingine ya M67 inayoonyesha kwa nini njia ya Lucas ilihitajika. Kuna kipimo cha kale zaidi, kinachotokana na kanuni ya Pierre de Fermat: nambari ikiwa tasa, na ikiwa si 2 yenyewe, basi 2 kwa kipeo cha nambari hiyo ukiondoa 1, ikigawanywa kwa nambari hiyo, hubakisha 1. Nambari nyingi zisizo tasa huanguka katika mtihani huu. M67 haianguki. Ikipimwa kwa 2 hujibu kama nambari tasa halisi, kwa kuwa imejengwa kwa 2 tupu. Ni tapeli aliyevaa sare rasmi, na askari wa lango hana la kumshuku. Nambari ndogo kabisa yenye tabia hiyo ya ulaghai ni 341, ambayo ni 11 mara 31.

MKUTANO WA NEW YORK

Frank Nelson Cole, mzaliwa wa 1861, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia na katibu wa Chama cha Wanahisabati cha Marekani kuanzia 1896 hadi 1920. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa chama hicho jijini New York, aliwasilisha makala kuhusu njia za kupata vigawo vya nambari kubwa.

Simulizi mashuhuri inaeleza kwamba Cole alipoitwa alikwenda ubaoni bila kutamka neno. Akachukua chaki, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akaondoa 1. Kisha akasogea upande wa pili wa ubao na kuandika nambari mbili, 193,707,721 na 761,838,257,287. Akazizidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari. Majibu ya pande zote mbili yalipolingana, akarejea kitini angali kimya, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Hapana aliyeuliza swali.

Simulizi hiyo inapaswa kupokelewa kwa tahadhari. Iliandikwa na Eric Temple Bell katika kitabu cha 1951, takriban nusu karne baada ya tukio, na Bell mwenyewe alikuwa mwanafunzi huko California mkutano ulipofanyika. Aidha, alijulikana kwa kupenda kuzitia chumvi habari za wanahisabati. Ni Bell huyo huyo aliyesema kwamba alimuuliza Cole kazi hiyo ilimchukua muda gani, naye akajibiwa kuwa ilichukua Jumapili za miaka mitatu. Kisichotiliwa shaka ni tarehe, makala yenyewe na vigawo hivyo viwili. Vyote viwili ni nambari tasa, kwa hivyo ukoo wa M67 unaishia hapo.

Msomaji mwenye subira anaweza kulihakiki zao hilo kwa mkono, pengine kwa muda usiozidi nusu saa. Kuvipata vigawo kuna hadithi nyingine.

Cole hakuanza gizani kabisa. Ilikuwa inajulikana kwamba kigawo chochote cha M67 sharti kiwe na sura maalumu: ukikiondolea 1, kinachosalia lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara 2. Vigawo vya Cole vinatii sharti hilo. Cha kwanza kikiondolewa 1 ni 134 mara 1,445,580. Cha pili ni 134 mara 5,685,360,129. Sharti jingine ni kwamba kigawo kikigawanywa kwa 8 kibakishe 1 au 7. Cha kwanza hubakisha 1, cha pili hubakisha 7.

Hata baada ya masharti hayo mawili, nambari za kujaribu kabla ya kukifikia kigawo kidogo ni zaidi ya laki saba. Tuseme mtu anatumia dakika kumi kwa kila jaribio. Angehitaji zaidi ya miaka 13, usiku na mchana, pasipo kulala wala kula. Jumapili za miaka mitatu ni kama 156 tu. Ni wazi Cole hakutumia nguvu bali mbinu. Alitafuta masharti ya ziada kutokana na mabaki ya nambari za vipeo vya pili, na kila sharti lilipunguza idadi ya nambari zilizostahili kujaribiwa, mithili ya mtu anayepepeta mchele kwa ungo mmoja baada ya mwingine hadi mawe yaonekane.

Orodha ya Mersenne ilisahihishwa kikamilifu kufikia 1947. Kipeo cha 61 kilikuwa kimethibitishwa mnamo 1883 na kasisi wa Urusi, Ivan Pervushin. Vya 89 na 107 na Mmarekani R. E. Powers mnamo 1911 na 1914.

KUTOKA UBAONI HADI BENKI

Kwa miaka mingi baada ya Cole, kazi ya aina hii ilichukuliwa kuwa ya kujifurahisha. Hali ilibadilika 1977, wakati Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa taasisi ya MIT, Marekani, walipobuni mfumo wa kuficha ujumbe unaoitwa RSA, kwa herufi za kwanza za majina yao. Mtaalamu wa Uingereza, Clifford Cocks, alikuwa amefikia wazo kama hilo 1973 katika shirika la ujasusi la nchi yake, lakini kazi yake ilifichwa hadi 1997.

Mfumo huo ni tukio la New York lililogeuzwa kuwa kufuli. Mwenye siri huchagua nambari mbili kubwa ambazo ni tasa na kuzizidisha. Zao hutangazwa kwa umma, na mtu yeyote anaweza kulitumia kufungia ujumbe. Lakini kuufungua kunahitaji vigawo viwili, na hivyo anavijua mwenyewe tu.

Mwaka huo huo jarida la Scientific American lilichapisha zao lenye tarakimu 129 pamoja na ujumbe uliofungwa kwa zao hilo, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua. Rivest alikadiria kuwa kazi hiyo ingechukua miaka trilioni elfu arubaini. Ilichukua 17. Mnamo Aprili 1994, watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao kupitia intaneti walivipata vigawo baada ya miezi minane, na ujumbe ukageuka kuwa maneno ya mzaha kuhusu ndege mla mifupa mwepesi wa kuona kinyaa.

Makadirio hayo ndiyo yanayopaswa kuwatia wasiwasi wanaotegemea kufuli hizi. Hesabu ya Rivest ilitegemea mbinu na mashine za wakati wake, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichosimama. Isitoshe, hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba kutafuta vigawo ni kazi ngumu kwa asili yake. Kinachojulikana ni kuwa hapana aliyetangaza njia nyepesi.

Mnamo Februari 2020, watafiti wa Ufaransa na Marekani walitangaza vigawo vya zao lenye tarakimu 250. Kazi yao ilikuwa sawa na kiini kimoja cha kompyuta kufanya kazi kwa takriban miaka 2,700. Kufuli zinazotumiwa sana sasa zina tarakimu 617, na hapana aliyetangaza kuzivunja kwa kutafuta vigawo. Tishio lililo mbele ni kompyuta za kwanta. Peter Shor alionyesha mnamo 1994 kuwa kompyuta ya aina hiyo, ikiwa kubwa na imara ya kutosha, ingepata vigawo kwa wepesi. Ndiyo sababu mnamo Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kwanza vya kufuli mpya zisizotegemea vigawo kabisa.

M67 yenyewe haina tena cha kuficha. Kompyuta ya kawaida ya mezani huvitoa vigawo vyake kabla mtumiaji hajaondoa kidole kwenye kibonye. Wanaowinda nambari tasa za aina ya Mersenne wamefika mbali sana: ile iliyotangazwa Oktoba 2024, ya kipeo cha 136,279,841, ina tarakimu zaidi ya milioni 41.

Lakini hali iliyokuwa nayo M67 kati ya 1876 na 1903 haijatoweka. Mrithi wake ni nambari ya kipeo cha 1,277, yenye tarakimu 385. Vipimo vya aina ya Lucas vimeonyesha bila shaka kwamba si tasa. Kwa vipeo tasa vyote vilivyo chini ya 1,277, angalau kigawo kimoja kinajulikana pale nambari isipokuwa tasa. Kwa huyu, licha ya kompyuta nyingi kumwandama kwa miaka, kufikia 2024 hakuna hata kigawo kimoja kilichokuwa kimeonekana.